Kubadili Njia au Kubadili Swali: Uhakiki wa Marekebisho ya Tafiti za Tiba ya Maumivu Isiyotumia Dawa Wakati wa UVIKO-19

Katika jaribio la dawa, kidonge hubaki kilekile kikikabidhiwa mgonjwa kliniki au kikitumwa nyumbani kwake. Tiba ya maumivu isiyotumia dawa haina uthabiti huo. Mikono ya mtabibu anayenyoosha uti wa mgongo, usimamizi wa mazoezi ya viungo na mazungumzo ya ana kwa ana na mwanasaikolojia ni sehemu ya tiba yenyewe. Uhakiki huu unachunguza namna majaribio ya tiba hiyo nchini Marekani yalivyorekebishwa janga la UVIKO-19 lilipozuka. Hoja yake kuu ni kwamba marekebisho hayo yamejadiliwa zaidi kama utatuzi wa matatizo ya utekelezaji, ilhali baadhi yake yalibadili swali la utafiti.

Mfano bayana ni ushirika wa utafiti wa maumivu ulioanzishwa mwaka 2017 na Taasisi za Taifa za Afya, Wizara ya Ulinzi na Idara ya Masuala ya Askari Wastaafu. Ushirika huo ulikuwa na majaribio 11 yaliyolenga kupima tiba katika mazingira halisi ya huduma kwa wanajeshi na askari wastaafu. Umuhimu wake hauna shaka. Kwa mujibu wa takwimu rasmi za nchi hiyo, vifo vilivyotokana na kuzidisha dawa na mihadarati vilikuwa 70,630 mwaka 2019, vikafikia 91,799 mwaka 2020. Sehemu kubwa ilihusisha dawa za jamii ya afyuni. Kusimamisha utafiti wa tiba mbadala kulikuwa na gharama ya kibinadamu. Hivyo, uamuzi wa kuhamishia usajili, ukusanyaji wa data na baadhi ya tiba kwenye simu na video ulikuwa na msingi.

Hata hivyo, mabadiliko hayo hayana uzito sawa. Yapo, kwanza, yanayogusa upimaji. Dodoso la PEG lina maswali 3 yanayojibiwa kwa kipimo cha 0 hadi 10: ukali wa maumivu, kiasi yanavyozuia kufurahia maisha, na kiasi yanavyozuia shughuli za jumla. Dodoso hili husomeka kwa simu bila shida. Lakini swali la tatu huchukulia kuwa mgonjwa ana shughuli za kuzuiwa. Mtu aliyelazimika kukaa nyumbani anaweza kujibu kuwa maumivu hayamzuii sana, kwa kuwa hakujaribu kufanya lolote. Ugawaji wa nasibu husawazisha athari hiyo kati ya makundi, lakini haurejeshi maana ya alama: makundi yote yanaweza kushuka, na tofauti halisi kati yao ikafifia.

Pili, kikundi linganishi nacho kilibadilika. Kikundi hicho mara nyingi hupata huduma ya kawaida, na mwaka 2020 huduma hiyo ilipungua kwa kuwa miadi isiyo ya dharura iliahirishwa. Tiba inaweza kuonekana bora kwa sababu tu kinacholinganishwa nayo kimedhoofika. Hapa ugawaji wa nasibu hausaidii.

Tatu, yapo yanayogusa tiba yenyewe. Mtabibu wa mikono anayeelekeza mazoezi kwa video anatoa tiba nyingine, hata kama jina la jaribio halikubadilika. Kuchanganya washiriki wa kabla na baada ya Machi 2020 katika wastani mmoja kunazaa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Haimaanishi kwamba tiba ya mbali ni duni. Utafiti wa LAMP, uliochapishwa mwaka 2024, ulihusisha askari wastaafu 811 wenye maumivu sugu na kulinganisha mafunzo ya umakinifu wa akili kwa vikundi vya video, mafunzo ya kujiendeshea, na huduma ya kawaida. Aina zote mbili za mafunzo zilipunguza kiasi ambacho maumivu yaliathiri maisha ya washiriki. Nguvu ya matokeo hayo imo katika ulinganifu wa swali na tiba: kilichopimwa ni mafunzo ya mbali, nayo yalitolewa kwa mbali. Hata hivyo, asiye na intaneti ya kutegemewa hawezi kuwakilishwa kikamilifu na hitimisho hilo.

Mwongozo wa CONSERVE wa mwaka 2021 huwataka watafiti kutaja mabadiliko muhimu, sababu zake na athari zake. Ni hatua njema, lakini kutaja badiliko si sawa na kutathmini kama swali la awali bado lipo. Ripoti ya jaribio lililorekebishwa inapaswa kutenganisha mabadiliko ya upimaji, ya ulinganisho na ya tiba, kisha kuonyesha matokeo ya kila kipindi peke yake. Pasipo hilo, mgonjwa anayetafuta nafuu bila afyuni ataandikiwa tiba ambayo ushahidi wake ulitokana na tiba nyingine.