Hakintoshi: Mwongozo ni Sahihi, Ila Haukuandikiwa Mtu wa Mwaya

Ukitaka kujiundia kompyuta ya kawaida halafu uiwekee macOS, mfumo wa Apple, karibu kila anayeijua kazi hiyo atakuambia usome miongozo ya Dortania. Hiki ni kikundi cha watu wanaojitolea, na wanachoeleza ni OpenCore, programu inayoanza kabla ya mfumo wenyewe na kuifanya macOS iamini kwamba iko ndani ya Mac halisi. Mashine ya namna hiyo ndiyo hakintoshi. Mwongozo wao mmoja unahusu vifaa vya kuepuka tu: prosesa ipi usinunue, kadi ya michoro ipi, diski ipi, Wi-Fi ipi.

Tunaupitia huo leo, lakini tunausoma kwa macho ya msomaji mmoja: kijana wa Mwaya, huko Kyela kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ana hela ya kakao mkononi na anataka mashine ya kuhariri video za kwaya na harusi. Mashine akiikosea, hela hiyo itarudi msimu mwingine, kama itarudi.

Kwanza haki yao tuwape. Mwongozo unasema kweli, na unasema mapema. Chukua Nvidia. Mwaka 2018 macOS Mojave ilipotoka, kadi za Nvidia za kizazi cha Maxwell na Pascal, kwa mfano GTX 1060, zilibaki bila draiva. Mpaka leo hazijapata. Kadi ni nzima, ina nguvu, na dukani utaambiwa ni kali kweli. Ndani ya macOS mpya haitakufaa kitu. Mwongozo unakuambia hivyo kabla hujatoa pesa, na hilo peke yake linatosha kuushukuru.

Shida inaanza kwenye namna unavyofundisha. Unakupa majina: hiki ndiyo, kile hapana. Sababu zimo, ila zimetawanywa kipande hapa, kipande pale, na msomaji anabaki anakariri. Ukweli ni kwamba karibu orodha nzima inatoka kwenye sababu moja: Apple huandika draiva za chipu ambazo yenyewe imeziuza ndani ya Mac zake. Chipu ambayo haikuwahi kukaa ndani ya Mac, usitegemee Apple iishughulikie. Ukilishika hilo, orodha unaweza kuitunga mwenyewe.

Hebu tujaribu na kompyuta za mtumba za ofisini, maana ndizo zinazofika kwetu. Dell Optiplex 7010 ya zamani mara nyingi ina prosesa i5-3470, ambayo michoro yake ya ndani ni Intel HD 2500. Apple haikuwahi kuuza Mac inayotegemea HD 2500 kuonyesha picha kwenye skrini. Kwa hiyo bila kadi ya ziada umekwama. Ndani ya kasha hilohilo unaweza kukuta i7-3770, yenye HD 4000. Hiyo Apple iliiuza, kwenye Mac mini ya 2012 kwa mfano, kwa hiyo inafanya kazi hadi Big Sur. Sasa nenda kwenye Optiplex 7060 yenye i5-8500. Michoro yake ni UHD 630, na Mac mini ya 2018 ilitumia ndugu wa karibu kabisa wa prosesa hiyo, i5-8500B. Unaona? Kwa nje ni maboksi meusi yanayofanana, yote yameandikwa Dell. Tofauti iko kwenye alama ya prosesa, na kuisoma ni suala la dakika moja ukiwa bado dukani.

Hapo ndipo pia unapoelewa kwa nini jina la kadi linaweza kukudanganya. Radeon RX 550 zipo za aina mbili: moja ina chipu iitwayo Baffin, nyingine Lexa. Ya kwanza macOS inaipokea bila maneno mengi, ya pili inakuletea usumbufu. RX 580 yenye alama 2048SP, kwa ndani ni RX 570. Boksi limeandikwa jina moja, ila draiva haisomi boksi, inasoma chipu. Kwa hiyo muulize muuzaji chipu, na akishindwa kujibu, kadi iwashwe kwenye Windows uione mwenyewe.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi: mwongozo unapima vifaa dhidi ya mfumo tu, kana kwamba kompyuta haikai mahali. Mahali penyewe ni Mwaya. Kwanza, ile Optiplex 7060 ndogo nyembamba ina pawa saplai ya wati 200 na nafasi ya kadi fupi. RX 580 peke yake inataka takriban wati 185. Haiingii, na hata ikiingia haitalishika. Kwenye orodha, vyote viwili vinakubalika. Juu ya meza, havikutani.

Pili, intaneti. Njia rahisi ya kusakinisha inaanza na faili dogo kwenye flashi, halafu mashine inavuta yaliyobaki mtandaoni, zaidi ya GB 10. Njia isiyo na usumbufu ni waya wa Ethernet. Mwaya wengi wetu intaneti ni simu na bando, na huo waya hatuna. Ukisema utatumia Wi-Fi, kumbuka kwamba kadi za zamani za Broadcom, zilizokuwa kipenzi cha hakintoshi, ziliondolewa kwenye Sonoma mwaka 2023, na zile za Intel zinategemea draiva za watu wanaojitolea. Kwa msomaji wetu, Wi-Fi ndiyo swali la kwanza. Mwongozo unaiweka mbali huko nyuma.

Tatu, umeme na hewa. Kyela ni bondeni, joto na unyevu mwaka mzima, mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mashine inayokula wati 300 inatoa joto la wati 300 chumbani mwako, feni inavuta hewa yenye unyevu na wadudu, na umeme ukikatika UPS ndogo inakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi. Mac mini ya M1, iliyotoka Novemba 2020, kwa vipimo vya Apple wenyewe inafika wati 39 ikiwa imekazana. Fundi wa hakintoshi akikuambia yake ni ya bei nafuu, mwambie ahesabu na hizo wati.

Halafu kuna jambo ambalo orodha yoyote hailisemi kwa sauti ya kutosha: muda. Apple ilitangaza Juni 2020 kwamba inahamia kwenye chipu zake yenyewe, na Juni 2025 ikasema macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel. Ile Mac mini ya 2018, ndugu wa Optiplex yetu, hata Tahoe haikuipata, iliishia Sequoia. Maana yake, kununua vifaa vya hakintoshi leo ni kununua kitu ambacho tarehe yake ya mwisho imeshatangazwa. Isitoshe, leseni ya macOS inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Marekani ilijaribu kuuza mashine za namna hii, Apple ikaishtaki mwaka 2008, na 2009 mahakama ikaipa Apple ushindi. Mtumai cha nduguye hufa maskini, na huyu wala si ndugu.

Basi uamuzi wetu ni huu. Kama unataka kujifunza jinsi kompyuta inavyoamka, jinsi mfumo unavyotambua chipu, na tayari una mashine ya Intel ya kizazi cha nane au cha kumi, soma Dortania mwanzo hadi mwisho. Ni shule nzuri na ni ya bure. Ila kama hela ni hiyo moja na mteja wa harusi anasubiri Jumamosi, usijenge biashara juu yake. Nunua Optiplex ya i5-8500 ya kasha kubwa, iache na Windows, weka DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure. Kama kazi yako haikwepi macOS, yaani umeshazoea Final Cut Pro au unatengeneza programu za iPhone kwa Xcode, jikusanye polepole utafute Mac mini ya M1 ya mtumba.

Na vyovyote utakavyoamua, usipande basi la kwenda Mbeya ukiwa na majina ya kadi uliyoyakariri. Mfukoni weka maswali manne: chipu hii Apple iliwahi kuiuza? Inaingia kwenye kasha na pawa saplai niliyonayo? Nitaisakinisha kwa intaneti ipi? Itapata masasisho mpaka lini? Muuzaji anaweza asijue jibu hata moja. Wewe ujue yote manne kabla hujahesabu noti.