Besi Haikuhama: Iron Maiden Ilivyobadilisha Wanamuziki

Anayeisikiliza Iron Maiden mara ya kwanza hudhani magitaa ndiyo yanayobeba wimbo. Shusha sikio chini yake, utamkuta Steve Harris na besi yake ikienda mwendo wa farasi: pigo moja refu, mawili mafupi, moja refu, mawili mafupi. Anapiga kwa vidole, si kwa piki, tena kwa nguvu mpaka nyuzi zinagonga shingo ya gitaa na kutoa mlio wa chuma. Bendi aliianzisha mwenyewe huko Leyton, mashariki ya London, siku ya Krismasi ya 1975. Hakuna albamu hata moja ya Iron Maiden ambayo besi yake ilipigwa na mtu mwingine.

Hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuelewa namna bendi hii ya hevi metali ilivyopangua na kupanga kikosi bila kupoteza mlio wake. Kwenye bendi nyingi za aina hii, uti wa mgongo ni gitaa la rithimu. Mpigaji akihama, wimbo unahama naye. Hapa uti wa mgongo ni besi, na anayeipiga ndiye mtunzi mkuu. Anayeajiriwa haombwi kuleta sura mpya. Anakuta nafasi ambayo vipimo vyake vimeshakatwa.

Albamu ya kwanza, ya 1980, iliimbwa na Paul Di'Anno, sauti ya kukwaruza yenye harufu ya panki. Mwaka huohuo mpiga gitaa Dennis Stratton akaondoka, akaingia Adrian Smith kusimama na Dave Murray. Mwaka 1981 Di'Anno akatolewa, akachukuliwa Bruce Dickinson kutoka bendi ya Samson. Mwisho wa 1982 Clive Burr akaachia drams, akakaa Nicko McBrain. Watatu kati ya watano wamebadilishwa, na katikati ya pangua pangua hiyo albamu ya The Number of the Beast ikashika namba moja Uingereza. Dickinson aliweza kushikilia noti za juu kwa pumzi ndefu, hivyo Harris akapata nafasi ya kutunga melodi inayopaa juu ya magitaa badala ya kusukumana nayo. (Jina la Dickinson halimo kati ya watunzi wa albamu hiyo, mkataba wake wa zamani ulimfunga mikono.)

McBrain alijitambulisha kwa namna ambayo sijachoka kuisikiliza. Piece of Mind ya 1983 inafunguliwa na Where Eagles Dare, na kabla ya mtu yeyote kugusa uzi, drams zinamwagika peke yake. Kisha sikiliza ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu. Yale mapigo mawili mawili ya haraka ungeapa kwamba ni pedali mbili. Ni moja, mguu mmoja, na ndivyo alivyopiga karibu maisha yake yote kwenye bendi. Mguu huo ulifuata vidole vya Harris kiasi kwamba besi na ngoma zilisikika kama chombo kimoja.

Nafasi iliyogoma kujazwa ni ya mwimbaji. Smith aliondoka 1990, akaja Janick Gers, na mambo yakaenda. Dickinson alipoondoka 1993, akachukuliwa Blaze Bayley wa Wolfsbane, mwenye sauti nzito ya chini. Albamu zake mbili, za 1995 na 1998, watu huzibeza kirahisi mno. Nyimbo za Sign of the Cross na The Clansman zilitungwa enzi zake, na Dickinson aliporudi aliziimba jukwaani bila shida. Utunzi haukuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa kumpandisha Bayley jukwaani usiku baada ya usiku aimbe nyimbo zilizokatwa kwa kimo cha mwenzake. Hilo ni kosa la mpangaji, si la mwimbaji.

Mwaka 1999 Dickinson na Smith walirudi pamoja. Njia rahisi ilikuwa kumshukuru Gers na kumuaga. Hakuguswa, na bendi ikawa na magitaa matatu. Msikilizaji wa muziki wa dansi, aliyezoea solo, solo la pili na rithimu, hatashangazwa na idadi hiyo; swali ni kazi ya la tatu. Zamani, jukwaani, Murray na Smith walipopanda pamoja kupiga melodi kwa sauti mbili zinazofuatana, chini alibaki Harris peke yake, na wimbo ukapungua uzito ghafla. Sasa wawili wanapanda, mmoja anabaki chini akikata rithimu. Brave New World ya 2000 ilirekodiwa Paris na mtayarishaji Kevin Shirley, bendi ikipiga pamoja chumbani, na faida hiyo inasikika.

Gharama yake nayo inasikika. Pale magitaa yote matatu yanapopiga kitu kilekile, sauti za katikati zinajaa tope, na kila mpigaji akidai zamu yake ya solo, wimbo unarefuka kuliko ulivyostahili. Hata hivyo kikosi hicho cha watu sita kilidumu miaka ishirini na mitano bila kuguswa.

McBrain, aliyepata kiharusi Januari 2023, aliacha ziara baada ya onyesho la São Paulo, Desemba 2024. Harris hakwenda kumtafuta mpiga drams maarufu. Alimchukua Simon Dawson, anayepiga naye British Lion, bendi yake ya pembeni. Yaani mtu ambaye mguu wake tayari unavijua vidole vile. Ziara iliyoanza Budapest Mei 2025 ilichota nyimbo za 1980 hadi 1992, kwa hiyo usiku mmoja Dawson hulazimika kuwa Burr kwenye zile za mwanzo, halafu McBrain kwenye zilizobaki.