Tairi Jembamba kwa Udongo wa Basotu

Anayeivalisha Landrova ya zamani matairi mapana kwa ajili ya njia za Basotu nchini Tanzania ameliona tope, hajakiona kilicho chini yake. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule uliolimwa ngano na mashamba ya shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, mvua inapoanza hulowa juu kwanza. Safu ya juu huwa uji, ya chini bado imeshikana. Tairi jembamba huukata uji huo na kukanyaga pagumu. Tairi pana huelea, kashata zake zikajaa udongo, na kuanzia hapo halina tofauti na kipara.

Tuchukue Landrova 109, iliyotoka kiwandani na tairi la 7.50-16. Wengi hulibadilisha kwa 265/75R16, nao hudhani wameinua gari. Piga hesabu: 265/75R16 lina kimo cha milimita 804 hivi, na 235/85R16, linalolingana na 7.50-16 na lililo jembamba zaidi kwa sentimita 3, lina 806. Kilichopatikana ni upana tu, na upana una gharama zake. Tairi hilo pana halikai vizuri kwenye ringi ya inchi 5.5, hivyo hutafutwa ringi pana inayolisukuma gurudumu nje. Mzigo ukihamia nje, beringi hubeba nguvu ambazo hazikupimiwa, na usukani usio na msaada wa haidroliki humchosha dereva kwenye kila mfereji. Ringi za Land Cruiser za zamani nazo hazisaidii: zina stadi 6, Landrova ina 5, na kipande cha kuunganishia kati yake husukuma gurudumu nje vilevile.

Kwa Landrova fupi ya 88 hoja ya kuinua ina uzito. Kutoka 6.00-16 kwenda 7.50-16 kimo huongezeka kwa takribani sentimita 8, lakini difu hupanda nusu yake tu. Spidimita nayo husoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya kumi, na gia zote huwa nzito, hasara inayozielemea hafshafti kila gari linaponasuliwa kwa nguvu.

Wapo watakaosema kwamba mvua ikinyesha wiki nzima hakuna tena pagumu pa kukanyaga, na hapo tairi pana hushinda. Ni kweli, kama ilivyo kweli kwenye mchanga. Lakini upana huo gari huubeba mwaka mzima, ilhali tairi jembamba laweza kurefushiwa unyayo kwa kupunguza upepo siku hiyo tu. Tahadhari iko kwenye tyubu: upepo ukishuka mno tairi huteleza juu ya ringi na kung'oa vali. Pia 7.50-16 za malori madogo, ambazo ndizo rahisi kupatikana, zina kuta ngumu. Chini ya gari tupu hazilali hata upepo ukipungua, kwa hiyo anayetembea bila mzigo achague zenye nyuzi chache.