Mizani Ndani ya Lifti: Kilo Tano Zinatoka Wapi?

Fleti za Ngoingwa, pale Thika, zinazidi kurefuka, na penye lifti pana maabara isiyolipiwa. Swali la mtu aliyesimama juu ya mizani ndani ya lifti limewatoa jasho wanafunzi wengi wa fizikia wa sekondari. Tulichambue kwa vitendo.

Tafuta mizani ya bafuni yenye mshale. Nyingi za dijiti huganda kwenye namba ya kwanza. Ipande lifti ikiwa imetulia ghorofa ya chini. Tuseme una kilo 70. Bonyeza kitufe cha ghorofa ya juu kabisa.

Lifti inapong'oka, mshale unaruka hadi kama 75. Baada ya sekunde moja au mbili unarudi 70 na kutulia hapo. Lifti inapopunguza mwendo ili isimame, unaanguka hadi 65, kisha 70 tena mlango ukifunguka. Safari ya kushuka hugeuza mpangilio: 65 mwanzoni, 75 mwishoni.

Wengi hudhani kupanda ndiko kunakoongeza uzito. Lakini katikati ya safari bado unapanda, na mshale hauna habari. Kinachousukuma ni mabadiliko ya mwendo. Ndiyo sababu lifti inayoshuka ikifunga breki hukulemea sawa na ile inayoanza kupanda.

Hesabu yenyewe ni fupi. Una kani mbili. Mvuto wa dunia unakuvuta chini kwa 70 × 9.8, yaani nyutoni 686. Sakafu nayo inakusukuma juu, na mizani husoma msukumo huo tu. Lifti ikitulia, au ikienda kwa mwendo usiobadilika, kani hizo hulingana. Ikianza kupanda kwa mchapuko wa mita 0.7 kwa sekunde kila sekunde, sakafu hulazimika kuongeza 70 × 0.7, yaani nyutoni 49. Jumla ni 735. Gawanya kwa 9.8 upate kilo 75. Inapopunguza mwendo ikielekea juu, toa 49: zinabaki 637, sawa na kilo 65. Tungamo ya mwili wako haijaguswa.

Kamba za chuma nazo huonja hesabu hiyo hiyo. Kibanda na abiria wakifika kilo 900, kamba hubeba nyutoni 8,820 zikitulia na 9,450 kibanda kinapong'oka. Fundi anayepigia hesabu mzigo uliotulia peke yake amekosea.

Na lifti ikianguka bila kizuizi? Sakafu haisukumi chochote. Mizani inasoma sifuri. Hali hiyo ndiyo ya wanaanga: kilomita 400 juu, mvuto wa dunia bado ni takriban asilimia 90 ya ule wa ardhini, ila wao na chombo chao wanaanguka pamoja.

Hata ukiwa ardhini hujaepuka kanuni hii. Thika iko takriban nyuzi moja kusini mwa ikweta, ambako mzunguko wa dunia hutupa mchapuko wa mita 0.034 kwa sekunde kila sekunde kuelekea kitovu chake. Kwa mtu wa kilo 70, mizani husoma pungufu kwa karibu gramu 240 kuliko ambavyo ingesoma dunia isingezunguka.

Kwa hiyo mizani hupima jinsi sakafu inavyokusukuma. Ukitaka kujua kilo zako, jipime lifti ikiwa imesimama.