JINA LA MWANAFUNZI, JASHO LA MFANYAKAZI: Uchambuzi wa Malipo ya Wanamichezo wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Wapo wanaodai kwamba suala la malipo ya wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani sasa limekwisha. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachotawala michezo ya vyuo nchini humo. Vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kiasi kisichozidi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Wachezaji wa miaka iliyopita nao watalipwa jumla ya dola bilioni 2.8 hivi kwa muda wa miaka 10. Sisi hatukubaliani na dai hilo. Kilichobadilika ni bei ya jasho. Uhusiano kati ya mtoa jasho na mwenye uwanja umebaki vile vile.

Chimbuko la Jina

Ili kulielewa jambo hili ni lazima turudi nyuma. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua kwamba Ernest Nemeth, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Denver aliyeumia mazoezini, alistahili fidia kama mfanyakazi. Uamuzi huo uliwatia hofu wakuu wa vyuo. Ndipo NCAA, chini ya Walter Byers, ikaeneza jina la "mwanafunzi-mwanamichezo" na kuvitaka vyuo vilitumie kila mahali. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo cha Fort Lewis A&M, alifariki baada ya kuumia kichwa uwanjani. Mwaka 1957 mahakama ile ile ilimnyima mjane wake fidia. Byers mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1995, alieleza kwamba jina hilo lilibuniwa kwa sababu ya hofu ya kudaiwa fidia. Hivyo jina hili lilikuwa silaha tangu lilipozaliwa.

Hoja za Watetezi

Watetezi wa utaratibu huo wana hoja mbili, na si haki kuzipuuza.

Kwanza, wanasema masomo ya bure ni malipo. Ni kweli elimu ina thamani. Lakini thamani ya malipo hayo iliwekwa na wanunuzi wa nguvukazi waliokaa pamoja na kukubaliana kutopandishiana bei, huku wao wakiuza mchezo huo huo kwa bei ya soko. Mwaka 2016 NCAA iliongeza mkataba wa televisheni wa mashindano yake ya mpira wa kikapu kwa miaka 8, kwa dola bilioni 8.8. Mwaka 2021, katika kesi ya Alston, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubaliana kwamba chama hicho hakina ruhusa ya kuweka mipaka kwenye marupurupu yanayohusu masomo.

Pili, wanasema mapato ya mpira wa Kimarekani na wa kikapu hulisha michezo isiyo na mapato, kama kuogelea na mieleka. Hili lina ukweli. Lakini tujiulize: kwa nini mzigo huo abebeshwe kijana, mara nyingi mweusi mwenye asili ya umaskini, wakati katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa zaidi ya wote ni kocha?

Upungufu wa Suluhu

Suluhu ya 2025 imeacha kiwango cha juu cha malipo, na wachezaji hawakuwa na chama chao cha wafanyakazi cha kujadiliana juu yake. Wachezaji wa Northwestern walijaribu kuunda chama mwaka 2014. Mwaka 2015 bodi ya kazi ilikataa kulishughulikia ombi lao. Mwezi Machi 2024 wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kutaka chama, lakini mwisho wa mwaka huo ombi liliondolewa.

Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa pia kuuza jina na sura yake kwa matangazo. Nyota hutajirika, mwenzake anayemkinga uwanjani hupata kidogo au hakosi kuondoka mikono mitupu. Fedha za namna hii huwatenganisha wachezaji badala ya kuwaunganisha. Afrika Mashariki inahusika pia: Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Wenzao wa leo wanaokwenda huko kwa viza ya masomo hubanwa na masharti ya viza hiyo kuhusu kufanya kazi.

Hitimisho

Fedha ni haki yao, na tunaunga mkono wapewe. Lakini kada anayechambua suala hili asiishie kuuliza mchezaji amelipwa ngapi. Aulize nani amepanga bei, nani anabeba gharama goti linapovunjika, na nani aliketi mezani kwa niaba ya wavujajasho. Mpaka mchezaji atambuliwe kuwa mfanyakazi, mwenye chama na mwenye fidia, analolipwa leo laweza kupunguzwa kesho na wale wale waliolipanga.