Anza na Waya: Namna ya Kupima Filamu ya Mtembea Juu ya Waya

Filamu yoyote ya mtu anayetembea juu ya waya inaweza kukutia kizunguzungu. Hilo halidai ufundi mkubwa: ielekeze kamera chini kutoka juu ya mnara, mwili wa mtazamaji utajimalizia wenyewe. Ndiyo maana hofu ni kipimo kibovu. *The Walk* ya Robert Zemeckis ilipotoka mwaka 2015, watu waliitazama kwa miwani ya 3D na baadhi yao wakapata kichefuchefu. Habari hiyo ikaenea kama sifa ya filamu. Kichefuchefu ni dalili kwamba macho na sikio la ndani yamepingana, basi.

Kisa chenyewe ni maarufu. Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1974, Mfaransa Philippe Petit, aliyekuwa bado siku chache kutimiza miaka 25, alitembea juu ya waya uliofungwa kati ya minara miwili ya World Trade Center, New York, takriban mita 400 kutoka ardhini. Hakuwa na kibali wala mkanda wa kumshika akianguka. Alikaa huko kama dakika 45, akavuka mara nane, akapiga goti, akalala chali, huku polisi wakimngoja pande zote mbili. Kabla ya *The Walk*, James Marsh alikuwa ameshatoa *Man on Wire* (2008), filamu ya hali halisi iliyopata tuzo ya Oscar. Zitazame zote mbili, moja baada ya nyingine. Kisa ni kimoja, maamuzi ya waongozaji ni tofauti, na hapo ndipo jicho linapojifunza.

Cha kwanza kukikagua ni waya, tena kabla haujakanyagwa. Mtembea juu ya waya ni mfungaji wa waya kwanza. Karl Wallenda, mkuu wa ukoo mashuhuri wa wanasarakasi, alianguka na kufa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 73. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, lakini familia yake ilisema tatizo lilikuwa kamba za pembeni ambazo hazikufungwa ipasavyo. Kamba hizo huvutwa kutoka kwenye waya kwenda kushoto na kulia ili usiyumbe wala kujisokota. Mwongozaji anayeruka sehemu hii na kukimbilia hatua ya kwanza ameficha mahali hatari ilipo.

Usiku wa Petit ulikuwa na kila kitu ambacho filamu ingetaka. Wenzake walirusha mshale kutoka mnara hadi mnara, ukivuta uzi wa kuvulia samaki. Uzi ulifuatwa na kamba, kamba ikafuatwa na nyingine nene zaidi, na mwisho waya wa chuma wenye uzito wa kilo 200 hivi. Petit alivua nguo zote ili autafute ule uzi gizani kwa ngozi yake. Kisha waya ukateleza, ukaning'inia katikati ya minara, na ikabidi uvutwe kwa mikono kwa saa kadhaa. Angalia mgongo wa mwigizaji hapo. Waya uliochorwa kwa kompyuta hauna uzito wowote, uzito wote unaouamini umetoka mabegani na viganjani mwake. Zemeckis amelielewa hili, na saa ile ya kuvuta, kwangu mimi, inaipita hata safari ya wayani. Marsh naye aliigiza usiku huo kwa picha nyeusi na nyeupe, kama wizi wa benki, lakini kilichomfaa zaidi ni nyuso za wahusika wenyewe. Jean-Louis Blondeau, rafiki wa Petit aliyeuvuta waya ule, anaposimulia, uchovu wa miaka zaidi ya 30 bado umo sautini.

Halafu nenda kwenye miguu na mti wa kusawazishia. Petit mwenyewe ndiye aliyemfundisha Joseph Gordon-Levitt, anayemwigiza katika *The Walk*, kutembea wayani, na filamu ikapigwa studioni Montreal, juu ya waya usiofika mita nne kutoka sakafuni. Matendo magumu yalifanywa na mtembeaji wa kweli, Jade Kindar-Martin. Mguu mzuri huupapasa waya kwanza, ukalala nao kwa urefu wa unyayo, ndipo uzito ufuate. Mti wa Petit ulikuwa na urefu wa kama mita nane na uzito wa kilo 25. Uzito ukiwa mbali na mwili, mwili huinama polepole, na mtembeaji anapata muda wa kujirekebisha. Kwa hiyo mti unaorukaruka kama manyoya ni wa uongo. Macho nayo kwa kawaida yako mbele, kwenye mwisho wa waya. Picha ya kutazama shimoni ni ya mwongozaji, si ya mtembeaji, na anayeitumia mno anakiri kwamba hakuamini miguu ya mwigizaji wake.

Sauti ndiyo inayoniudhi katika *The Walk*. Petit wa filamu anasimama kwenye mwenge wa Sanamu ya Uhuru akieleza kila kitu, na hata akiwa wayani sauti yake haikomi kutuambia anachohisi, kama mtafsiri wa kibanda umiza asiyejua wakati wa kuzima kipaza sauti. Marsh hakuwa na anasa hiyo. Safari ile haikurekodiwa kwa kamera ya sinema. Blondeau alikuwa amechoka mno kwa kuvuta waya, zikabaki picha za mnato. Marsh hakuigiza matembezi. Aliziweka zile picha, muziki wa piano wa Satie, na mashahidi. Yumo pia sajini wa polisi aliyetumwa kumkamata, akiwaambia waandishi kwamba alichokiona kilikuwa zaidi dansi kuliko kutembea.

Filamu hizi ni wasifu pia, kwa hiyo uliza nani alilipa gharama. Mashtaka ya Petit yalifutwa kwa sharti la kuwaonyesha watoto sarakasi bustanini, lakini Annie Allix, mpenzi wake, na marafiki waliomvutia waya walimpoteza karibu siku ileile. Marsh anaacha jambo hilo liume. Zemeckis analipaka sukari.

Kuhusu minara yenyewe, *Man on Wire* haitaji kabisa Septemba 11, siku ilipoangushwa, na *The Walk* inaigusa kwa mkono mwepesi. Zote zimefanya vyema.

Ukiwa na jioni moja tu, chukua ya Marsh. Ukipata ya pili, tazama ya Zemeckis hata kwenye simu, maana bila 3D ndipo utajua kilichobaki. Sehemu ya mwanzo, ile ya Paris, ipitishe haraka, ila simama umtazame Ben Kingsley kama Papa Rudy, mwalimu anayedai pesa kwa kila fundo analofundisha na kuonya kwamba wengi hufa katika hatua tatu za mwisho, wakidhani wamefika.