Risasi ya Kichwa, Picha ya Shingo

Aprili 2, 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa, watu 148 waliuawa na wengine 79 wakajeruhiwa. Hospitali ya Garissa ndiyo iliyowapokea kwanza. Baadhi ya waliozidiwa wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, ambako kwa barabara ni kilomita zipatazo 370. Katika hali kama hiyo, kila dakika mezani ina bei yake. Je, aliyepigwa risasi ya kichwa avishwe kola ya kukinga shingo na kupigwa picha ya shingo kabla ya mengine?

Desturi hiyo imetoka kwenye ajali za magari. Gari likibingirika, kichwa hurushwa na shingo ikabeba kishindo chote. Risasi hupasua njia yake, na pingili zinazovunjika ni zile ilizozipitia. Watafiti wa California mwaka 1998 walipitia majeruhi 215 wa risasi za kichwa: hakuna hata mmoja aliyevunjika shingo kwa mtikisiko au kuanguka. Watatu walioumia shingo walipigwa moja kwa moja, na njia ya risasi ilionyesha hivyo. Waliofungwa kola ndio waliosumbua zaidi kuwekewa mrija wa hewa, na hapo ndipo ninapoogopa, maana mgonjwa wa ubongo akikosa hewa dakika chache tu, upasuaji hauna tena cha kuokoa.

Kwa hiyo, risasi iliyoishia kwenye kuba la fuvu haihitaji picha ya shingo. Iliyoingilia usoni, tayani au chini ya fuvu inaihitaji, pamoja na uchunguzi wa mishipa mikubwa ya damu. Vivyo hivyo aliyeruka kutoka ghorofani akikimbia, au ambaye gari lake lilipinduka baada ya kumiminiwa risasi barabarani.

Njia ya risasi hujulikanaje? Mgeuze mgonjwa, pekua nywele zilizogandana damu, kisha bandika kibanio cha karatasi kwa plasta kando ya kila tundu kabla ya eksirei. Chuma hicho kitaonekana pichani. Jumlisha matundu na risasi zilizobaki mwilini, iliyovunjika vipande ukiihesabu moja. Jumla iwe shufwa. Ikiwa witiri, kuna tundu au risasi iliyokupita, na shingo ndiyo ya kwanza kutazamwa.